Mama Vikombe na Kikombe cha Dada Yake

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mtafiti wetu mwandamizi wa kuvu atakabidhi funguo za chumba cha sampuli na kustaafu rasmi. Kwenye mlango wa ofisi yake kuna cheo kirefu ambacho hakuna aliyewahi kukisoma hadi mwisho. Huku kwetu, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa kituo, wote tunamwita Mama Vikombe, naye huitika bila kinyongo. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike wasifu wake kwa kurasa chache, na ikanionya nisitie chumvi. Nimejitahidi, ingawa kwa mtu huyu chumvi haihitajiki.

Kwanza niwaeleze wenzetu wa uhasibu na wa karakana, ambao miaka yote wamekuwa wakiuliza kwa adabu huyu mama anafanya nini hasa. Kuna uyoga usio na mwavuli. Hutokea kwenye gogo bovu, kwenye udongo uliopitiwa na moto, hata kwenye samadi, ukiwa na umbo la kikombe kilichoachwa wazi. Kimoja kinaweza kuwa kikubwa kama bakuli, kingine kisizidi kichwa cha pini. Kuna vyekundu, vya kahawia, vya njano na vyeusi tititi. Ndani ya kila kikombe vimesimama vifuko maelfu kwa maelfu, vyembamba kuliko unywele, na katika kila kifuko kwa kawaida mna spora nane zilizojipanga mstari, ambazo ndizo mbegu zake. Kazi ya Mama Vikombe ilikuwa kusema kipi ni kipi.

Msidhani ni kazi ya kukaa na kutazama picha. Vikombe viwili vyekundu vinaweza kuota ubavu kwa ubavu kwenye gogo moja na visiwe na undugu wowote wa karibu. Yeye huanza na macho, kisha pua, kisha lenzi ndogo anayoivaa shingoni, kisha wembe. Hukata kipande chembamba mpaka mwanga upite, hukilaza kwenye kioo cha hadubini, hudondosha tone la iodini na kusubiri. Vifuko vya jamii fulani hugeuka buluu nchani, vya jamii nyingine havigeuki. Hupima spora, huangalia kama ni laini au zina vipele, huhesabu matone ya mafuta ndani yake, huchunguza vinywele vya ukingoni. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi na bado sijazoea. Unainama kwenye hadubini unakuta kitu ulichokikanyaga jana bila habari kina ufundi wa namna ile.

Kila mfanyakazi mpya, hata wa stoo, alipelekwa kwake katika wiki ya kwanza. Alikuwa na kopo la plastiki lenye mfuniko, na ndani yake kikombe kikubwa cha kahawia kilichochumwa asubuhi hiyo. Alikwambia usogeze sikio, usipumue kwa nguvu. Halafu alifunua. Kwa muda hakuna kitu. Kisha moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye kikombe, na pamoja nao sauti, ndogo sana, kama ya mtu anayepuliza chai chumba cha pili. Kikombe kilikuwa kimerusha mamilioni ya spora kwa pamoja. Mimi niliruka nyuma nikaangusha kiti, naye akacheka mpaka akavua miwani. Mkuu wa stoo, mtu mzima mwenye wajukuu, alitoka pale, na mchana akarudi na wenzake wawili ili nao wasikie.

Alijiunga na kituo akitokea chuoni moja kwa moja, wakati kitengo kilikuwa na hadubini moja yenye lenzi iliyopasuka na kabati lisilofunga. Leo makabati yamefunika kuta zote nne za chumba cha sampuli, na mwongozo wake wa utambuzi unatumiwa na wanafunzi katika vyuo ambavyo hajawahi kukanyaga. Ameeleza spishi kadhaa ambazo sayansi haikuzijua. Amefundisha watu wasiopungua wanne ambao sasa ni maprofesa, na bado anawaita watoto mbele ya wanafunzi wao.

Vituko navyo havikukosekana. Mwaka wake wa kwanza alileta gogo bovu ofisini, akaliweka juu ya meza kwenye trei. Mama wa usafi, kwa nia njema kabisa, akalitupa. Mtafiti wetu alikwenda jalalani akiwa na koti jeupe, akalichimbua, akalirudisha mezani, na kuanzia siku hiyo wawili hao wakawa mashoga. Dereva wa kituo anasema alijifunza kufunga breki taratibu kwa ajili yake, kwani safari za mwanzo mama huyu alipopiga kelele za kusimama, dereva alidhani wamegonga mtu. Kumbe ni kisiki. Mvua zikianza, sisi wengine tunatafuta visingizio vya kubaki ndani. Yeye alikuwa anaomba gari. Na kuhusu zawadi, kila mwaka tulimpa vikombe vya chai, tukidhani tunachekesha, lakini vyote viliishia kuwekewa sampuli. Chai yake aliinywa kwenye glasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Mama Vikombe alilelewa na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Wazazi walifariki mapema, na dada akaacha shule akakaa kwenye mashine ili mdogo wake aendelee. Duka lake liko mtaa wa pili kutoka hapa, na sisi humwita Dada Fundi. Katika mwaka wa tatu wa kazi, mtafiti wetu alikuta kikombe kidogo chekundu kwenye magogo yaliyorundikwa nyuma ya kiwanda cha mbao. Kilifanana na kingine kilichojulikana tangu zamani, kilichopewa jina na mtu wa nchi ya mbali kabla bibi yake hajazaliwa. Lakini spora za kile cha zamani zina vipele, na za hiki zilikuwa laini kabisa. Akaandika makala, ikapitishwa, na spishi yake ya kwanza ikapata jina. Alitumia la dada yake, likavishwa mkia wa Kilatini.

Mnajua ilivyokuwa dukani. Picha ya kikombe ilitundikwa juu ya kioo cha kujipimia, na hakuna mteja aliyepimwa kiuno bila kusimuliwa. Mabibi harusi walisimuliwa. Askari waliokuja kupunguziwa suruali walisimuliwa. Dada Fundi hakujua Kilatini wala hakuhitaji. Alijua kwamba duniani kuna kitu chenye jina lake, kinachoota chenyewe mvua zikinyesha.

Miaka ikaenda. Ilipofika zamu ya mashine ya kusoma vinasaba, ambayo mimi ndiye ninayeiendesha, wengi tulitarajia Mama Vikombe ataipinga, kwa kuwa mtu aliyezeeka kwenye hadubini huwa hapendi kuambiwa kuna njia nyingine. Kumbe ndiye aliyeipigania. Aliandika maombi, akarudia kuandika yalipokataliwa, akahamisha makabati yake mawili ili chumba chetu kipatikane. Alikuwa na jozi za vikombe ambazo kwa miaka zilimkosesha raha, zinafanana kila kitu lakini moyo wake haukubali. Jozi ya kwanza tuliyompimia, vya kahawia viwili vilivyolala kwenye sanduku moja, ilitoka koo mbili zilizotengana zama nyingi zilizopita. Alikaa kwenye kiti, akaniomba nimsomee tena, akacheka peke yake. Kisha akarudi kwenye hadubini, na baada ya wiki akapata tofauti ndogo kwenye ukuta wa kikombe ambayo hakuna macho yaliyokuwa yameiona. Alisema, "Mashine inaniambia kuna mlango. Mimi sasa natafuta kitasa."

Lakini kabla ya hayo yote kuaminika ilibidi mashine ijaribiwe kwa sampuli ambayo jibu lake tunalijua bila shaka. Aliileta mwenyewe. Alichagua kikombe cha dada yake, akasema anakijua kama kiganja chake.

Jibu lilitoka likasema ni kile cha zamani, cha yule mtu wa nchi ya mbali. Vinasaba vilikuwa vilevile.

Lawama zilikuja kwangu, na zilikuwa halali, maana katika kazi hii chembe moja ya spora iliyonasa kwenye kidole inatosha kuharibu kila kitu. Aliniambia nibadilishe glavu. Nikabadilisha, nikarudia, jibu likawa lile lile. Nikabadilisha dawa, nikapangusa meza, nikakata kipande kutoka sampuli nyingine, lile lile. Tangu hapo ananiita Bwana Glavu, hata mbele ya wageni. Mwisho tulipeleka vipande kwenye maabara nyingine bila kuwaambia ni nini. Nao wakajibu kama sisi.

Hapo akaacha kunilaumu, akafungua sanduku la sampuli zake za kwanza. Aliloweka kikombe kilichokauka miaka thelathini na zaidi, kikatanuka majini kikarudia umbo lake, mpaka leo sielewi. Akakikata, akakitia rangi ya buluu inayoonyesha vipele. Spora zilikuwa laini, kama alivyoandika. Kisha akatoa vikombe vya sanduku la jirani, la spishi ya zamani, ambavyo alivikusanya mwenyewe sehemu mbalimbali kwa miaka mingi. Akavitazama kimoja kimoja siku nzima. Vilivyopevuka vilikuwa na vipele. Lakini akakuta vichache ambavyo spora zake zilikuwa laini upande huu wa kikombe, na upande wa pili vipele ndiyo kwanza vinajitokeza.

Akaniita nione. Spora za kikombe hiki hufikia ukubwa wake wote kwanza, ndipo vipele huota. Alizozikuta nyuma ya kiwanda zilikuwa kubwa, zimejaa kwenye vifuko, kila dalili ya kukomaa, lakini zilikuwa bado changa. Magogo yale yalipasuliwa mbao wiki ile ile, kwa hiyo hakupata kuona kilichofuata. Ni kosa ambalo mtu asiyejua kupima spora hawezi hata kulifanya. Alikuwa amekutana na mtoto, akamwandika kama ukoo mwingine, na kwa miaka yote hiyo mtoto na mzazi walikaa kwenye rafu mbili za kabati moja.

Kanuni ya kazi yetu ni nyepesi kueleza. Kiumbe kimoja kikionekana kina majina mawili, la kwanza ndilo linalobaki. Jina la dada yake lilipaswa kuondolewa, na ilibidi mtu fulani aandike hivyo, atie sahihi na kuchapisha.

Wakati huo tuliojua tulikuwa watatu, yeye, mimi na mkuu wa kituo. Mkuu ni mtu wa huruma. Alimshauri astaafu kwanza, jambo hilo litakuja kugunduliwa na watakaofuata, tena kwa heshima zote. Hakuna ambaye angemsuta. Mama Vikombe alimshukuru kwa dhati, kisha akasema, "Mkuu, nikiondoka nalo hili, nitakaa nalo sebuleni kila siku."

Hakuwaogopa wanasayansi. Niseme ukweli, aliogopa duka la kushona. Alikonda. Alivunja vioo viwili vya hadubini, yeye ambaye hajawahi kuvunja hata kimoja. Alipitia njia ya nyuma kwenda nyumbani ili asipite mbele ya ile picha. Mtu aliyeacha shule kwa ajili yake alikuwa amepewa kitu kimoja tu duniani chenye jina lake, na sasa yeye ndiye wa kwenda kumpokonya. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba mashine yangu iwe imekosea.

Mwishowe alimwita dada yake hapa kituoni. Dada Fundi alifika na utepe wa kupimia shingoni, akilalamika kuhusu ngazi na wateja aliowaacha. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza kwa nini wote tumenyong'onyea, kuna msiba? Mdogo wake akamkalisha kwenye hadubini, akamrekebishia lenzi, akamwonyesha kioo cha kwanza, kisha cha pili, akamuuliza anaona nini.

Alitazama kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote niliyemwona. Akasema hizi hazina nakshi, hizi zimetiwa darizi. Akarudi kwenye cha kwanza. Akasema, "Lakini kitambaa ni kimoja."

Basi mdogo wake akamwambia yote, amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Alieleza vipele, magogo, vinasaba, na yule mtu wa nchi ya mbali aliyetangulia. Alimaliza kwa kusema jina litaondoka na ni yeye atakayeliondoa.

Dada Fundi akauliza kama huyo wa mbali ndiye mkubwa kwa miaka. Akaambiwa ndiye. "Basi mkubwa apite," akasema. "Mimi nyumbani nadai shikamoo kila asubuhi, nitamkatalia vipi mwenzangu?" Akauliza na yeye atawekwa wapi. Akaelezwa kwamba jina lililotolewa kihalali halifutwi. Litaandikwa chini ya lile la zamani, kwa herufi ndogo, katika kila orodha itakayokuwa kamili. Akafikiri kidogo, akasema hapo chini patamtosha, hana haja ya kukaa juu kwenye kelele.

Halafu akamwona mdogo wake bado amesimama, mikono nyuma. Akainuka, akamshika mikono yote miwili. Alisema maneno ambayo nimeomba ruhusa yao wote wawili kuyaandika hapa: "Sikukusomesha uniletee kikombe. Nilikusomesha ujue. Si umejua?"

Mama Vikombe alilia, na mimi nililia, na mkuu wa kituo alikwenda dirishani kutazama maegesho. Nimefanya kazi na mashine inayosoma maandishi ya ndani kabisa ya viumbe. Nimeona jozi zikitengana na koo zikiungana kwenye kioo cha kompyuta. Sijaona kitu kilichonishangaza kama wanawake wale wawili, mmoja akisalimisha jina, mwingine akilipokea kosa bila kumlaumu mwenzake. Dada Fundi alirudi dukani akiwa amechelewa. Picha hakuishusha. Anasema kikombe ni kile kile, na sasa ana hadithi ndefu zaidi ya kuwasimulia wateja.

Makala ilichapishwa miezi miwili iliyopita. Ni ya mwisho ya Mama Vikombe akiwa mtumishi wetu, na ni fupi, kurasa nne pamoja na michoro. Imeeleza kosa bila kulipamba na bila kutafuta mtu wa kumsukumia. Tayari watafiti wa sehemu tatu wameandika kwamba wamekwenda kuangalia upya vikombe vyao vyenye spora laini, na mmoja amekuta naye alikutana na watoto. Kwenye shukrani, mahali ambapo watu hutaja wafadhili, yeye ameandika sentensi moja: mwandishi anamshukuru dada yake, ambaye jina lake linaondolewa hapa kwa ridhaa yake.

Katika chumba cha sampuli kuna desturi ambayo wengi wenu hamuijui. Kibandiko cha zamani hakibanduliwi kamwe, hata kikiwa kimekosea. Anayegundua zaidi hubandika chake chini ya kile, akaweka tarehe na sahihi, vyote vikabaki vinasomeka. Wiki iliyopita nilimshikia sanduku lile la kwanza akibandika. Juu kuna karatasi iliyogeuka njano, yenye jina la dada na mwandiko wa msichana aliyekuwa mwaka wa tatu kazini. Chini kuna karatasi nyeupe yenye jina la zamani. Mwandiko umekuwa mkubwa kidogo kwa sababu ya macho, lakini sahihi ni ile ile kwenye zote mbili, na yeyote atakayefungua sanduku hilo baada yetu atajua kwamba aliyelitoa jina na aliyeliondoa ni mtu mmoja.

Mama Vikombe, tunakushukuru kwa makabati, kwa mwongozo, kwa kutusogeza masikio karibu na kopo, na kwa jina la Bwana Glavu, ambalo nimekubali kufa nalo. Wafanyakazi wote tunakuombea miaka mingi ya mvua za wastani, magoti yasiyogoma kuchuchumaa, na magogo yaliyooza vizuri. Na jioni ukirudi umechelewa, na tope hadi magotini, umkute dada yako mlangoni, akikungoja aanze kukugombeza.